Upande Mmoja wa Kisutu

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Anayetaka kucheka leo amekosea mlango. Mimi nina kesi imenishinda, nimekuja kuwatwisha ninyi.

Pale Muheza walikuwapo watu watatu. Mbaruku alijaliwa kukumbuka: umwambie neno leo, mwakani atakurudishia lilelile. Agripina alijaliwa mikono: kompyuta iliyowakataa wote, kwake itatii. Saumu alijaliwa masikio. Alikuwa akijua nani anapita nje kwa mlio wa ndala tu.

Waliunganishwa na mtu wa nne, Mwatime, naye ndiye aliyekufa. Mbaruku alikuwa mumewe, Agripina mwenzake katika duka la kuchapa na kudurufu, Saumu mdogo wake, tumbo moja. Mwatime aliugua miezi mitano, akaacha kichanga cha kike kisichojua hata kuita mama. Alipoona hali si hali, alikuwa akijirekodi video kwenye kompyuta yake kuukuu, yenye mfumo wa Linux, ili mwanawe akikua amwone na amsikie. Alijirekodi mara kumi na moja.

Siku ya arobaini, baada ya khitima, mama wa marehemu, Bi Nunu, akatoa upande mmoja wa kisutu, ile kanga ya harusi aliyoolewa nayo mwanawe. Upande wa pili mtoto alikuwa akiulalia.

"Vyake vyote nimeshagawa," akasema mbele ya watu. "Hiki ni cha atakayenitolea sauti ya mwanangu mle ndani. Sitaki mjukuu wangu akue bila kuijua sauti ya mama yake."

Kompyuta ikawashwa palepale. Ikataka paswedi. Wakajaribu jina la mtoto, wakajaribu jina la duka, wapi! Mbaruku alikuwa kwenye kona, machozi yanamtiririka. Mwishowe akasema, "Jaribuni Ndimu." Mwatime alipokuwa mjamzito hakula kitu bila ndimu, basi akamwita hivyo mtoto wake wa tumboni, na jina hilo hakulisikia mtu ila mumewe. Wakaandika, ikakubali. Bila Mbaruku wangekaa nje mpaka leo.

Lakini kukubaliwa si kuingia. Marehemu alipenda mapambo. Alikuwa ameiwekea Linux yake ile sura ya madirisha yanayonesanesa ukiyavuta, na mashine ile ya kizee haikuwa na nguvu za kuibeba. Skrini inaganda, inazimika, inarudi kwenye paswedi. Mara tatu, mara nne. Agripina akasema, "Hebu nipisheni." Akashukia kwenye skrini nyeusi ya kuandika amri, akaivua mashine ile sura nzito, akaivika nyepesi isiyo na urembo wowote. Ikafunguka mara moja. Bila Agripina wangebisha hodi mpaka leo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho inaponiuma.

Saumu akasema, "Jamani, diski inagonga. Tik, tik. Hiyo inakufa. Tunakili tu kwenye flashi, tusifungue kitu chochote." Lakini Agripina ni mtu wa duka la kuchapa, na dukani kwao kazi haikabidhiwi mpaka mwenyewe ameiona kwenye skrini. Yeye na Mwatime wameishika sheria hiyo miaka sita. Mkono ukaenda wenyewe. Akafungua folda amwonyeshe Bi Nunu.

Lo! Mashine ile ilikuwa na kasoro moja: ukifungua folda ya video, inataka kwanza kutengeneza kipicha cha kila video, zote kwa mpigo. Skrini ikaganda. Diski ikagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa.

"Agri, umefanya nini!" Saumu akapiga kelele, akabandika sikio kwenye mashine. "Rudi kwenye nyeusi! Andika amri ya kunakili moja tu, ile ya mwisho. Usibonyeze! Ngoja... ngoja... imetulia. Sasa!"

Agripina akabonyeza. Video moja ikaingia kwenye flashi, kisha mlio ukakatika, na diski ile haikuamka tena. Kumi zimekwenda na mwenyewe. Bila masikio ya Saumu, hata hiyo moja wangeizika.

Wakaifungua kwenye kompyuta nyingine. Mwatime amekonda, amempakata mtoto. Akaanza kama anayesoma barua: "Mwanangu mpendwa, mimi ni mama yako..." Kisha akasonya. "Imeganda tena! Mashine gani hii, Mungu wangu!" Dirisha lilikuwa limeganda mbele ya macho yake, kumbe kwa ndani kurekodi kunaendelea. Akadhani hakuna kinachomsikia. Akakohoa, akamwinamia mtoto.

"Ndimu, usilie. Haya, nyonya. Nani kakwambia mama anakwenda? Siendi popote."

Basi, ikaishia hapo. Mtoto, aliyekuwa mapajani mwa Bi Nunu, akageuza kichwa akatazama mlangoni. Watu wazima wakalia kama watoto, na mimi nilikuwamo.

Bi Nunu akashika kisutu. "Neno langu ni moja, na kisutu ni kimoja. Nimpe nani?"

Mbaruku akasema, "Mama, nilimfunika hicho hicho usiku wake wa mwisho. Na mlango nimeufungua mimi."

Saumu akasema, "Ningesikilizwa mimi, leo tungekuwa nazo zote kumi na moja."

Agripina hakuinua uso. "Mimi nimeziua kumi. Lakini hiyo moja imepita mikononi mwangu, na mwenzangu yule nilimpenda."

Mtoto sasa anatembea. Kila akisikia video ile hukimbilia mlangoni. Kisutu bado kimekunjwa juu ya kompyuta iliyokufa, na Bi Nunu, afya inamwishia, anasema hawezi kwenda kaburini na ahadi yake mkononi.

Mimi nimeshindwa. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele unafuta macho: kisutu hiki ungemkabidhi nani, na hao wawili utakaowanyima ungewatazamaje usoni?