Perere na Mninga Uliotoka Damu

Ko! Ko! Ko! Usiku wa manane, mlio huo ukasikika kwenye shina la mninga, na hapo ndipo inapoanzia hadithi yetu ya zamani za kale. Sogeeni, wanangu, maana hata mimi nikiusimulia mlio huo nashika kwanza kitasa cha mlango.

Ndani ya pango la mti huo aliishi Perere, mnyama mdogo asiye na mkia, na kitoto chake ambacho hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Moyo ukamwenda du-du-du, akachungulia.

Chini alisimama Nyati na shoka lake. Kando yake Fisi, fundi seremala, aligonga shina kwa vidole.

"Huu ndio wenyewe, mzee," Fisi akasema. "Mninga! Mchwa hawaugusi. Unapata mlango, kitanda cha harusi, na kinu pia."

"Shikamooni," Perere akaita, sauti ikitetemeka. "Jamani, nina mtoto mchanga, nitahamia wapi?"

"Marahaba. Hamia kwenye mgomba!" Nyati akajibu.

Perere akamvuta mtoto wake karibu. "Sawa, baba. Ila mti huu una mwenyewe. Ukiukata utatoka damu, naye ataamka. Mimi nimesema tu."

"Kha! Kha! Kha!" Fisi akacheka. "Usimsikilize, mzee. Huyu juzi alikimbia kivuli cha mkia wake!"

"Mkia sina, fundi," Perere akasema. "Nilikimbia hivyo hivyo."

Nyati akainua shoka. Kwaa! Gome likapasuka. Mbalamwezi ilikuwa kali, wakaona kitu chekundu, kizito, kinachuruzika kutoka kwenye jeraha mpaka kwenye kwato zake.

"Da... damu!" Nyati akapiga kelele.

Perere alikuwa amepanga aseme kwa sauti nzito ya kizee, "Nani kanikata?" Maneno hayo alishayafanyia mazoezi kimoyomoyo. Wapi! Yakakwama kooni, ikatoka hofu yenyewe: "Kriii! Kriii! Kraaaa!" Ukelele ukavuma ndani ya pango, ungedhani mti ndio unaolia.

Nyati mbio! Fisi alishampita zamani. Shoka likabaki. Perere naye angekimbia, ila miguu ilikataa.

Asubuhi Fisi akarudi kuchukua shoka, bega limechanwa na miiba. Akamkuta Perere, mtoto mgongoni, anachovya ukindu wa mkeka kwenye ile damu ili uwe mwekundu, huku anaimba.

"Kumbe ni utomvu!" Fisi akang'aka. "Namwita Nyati sasa hivi!"

"Mwite, fundi. Mwambie na hili, kwamba seremala wake hajui mninga mbichi una utomvu mwekundu."

Fisi akainamisha kichwa. "Mimi hununua mbao zilizokwisha kukauka," akanong'ona.

"Na mimi nilitaka kuwatisha, nikajitisha mwenyewe. Lete bega." Perere akampaka utomvu kwenye jeraha.

"Nyati nitamwambia mti una mwenyewe," Fisi akasema. "Mengine yaishie hapa."

Mwoga anayeijua nyumba yake humshinda jabari anayeitamani.

Mnauliza mimi nimejuaje? Perere ndiye aliyeniambia, nikamwapia kwamba simwambii mtu. Basi, wanangu, ni nyinyi tu. Haki ya Mungu, simwambii mwingine.