Maumivu ya Meno Matatu Katika Kikapu Kimoja

Hapo zamani, katika mji wa Kisutwi, palikuwa na Sultani aitwaye Harubu, aliyeumwa na jino siku arobaini, na alipopona akaona haya kuwa raia zake wanaumwa na hawana tabibu. Basi akajenga nyumba ya meno, akamweka humo tabibu hodari, ujira wake ukawa unatoka katika hazina ya mji, na mgonjwa naye akatakiwa achangie kidogo. Mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba wa kutazamwa tu atatoa kibaba cha mtama, wa kuzibwa au kung'olewa atatoa pishi moja, na wa kutengenezewa jino jipya la pembe atatoa pishi tano. Atoaye fungu kubwa hadaiwi tena lile dogo. Mja mzito, mtoto na asiye na kitu watatibiwa bure. Na fungu ni moja kwa tiba moja, mpaka mgonjwa apone.

Amri ilikuwa njema. Ila mlangoni aliwekwa Bwana Msellem, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akitoza ushuru wa nazi, na katika ushuru huo kila nazi huhesabiwa peke yake. Basi alipokabidhiwa meno, akayahesabu kama nazi.

Katika mji huo alikuwapo hamali mmoja, jina lake Machano, fukara asiye na mali ila mkokoteni na ulimi. Na ulimi wake ulikuwa mfupi ukilinganishwa na wa mkewe, Bi Mize, ambaye majirani walizisikia habari zake kabla hawajaona moshi wa jiko lake. Ikawa Bi Mize akaoza meno matatu ya upande mmoja, shavu likavimba kama boga, naye akanyamaza. Siku ya kwanza Machano alipumzika. Siku ya pili akajiuliza amemkosea nini. Siku ya tano, aliporudi kutoka kazini, alisimama mlangoni kusikiliza, na hapakuwa na cha kusikiliza. Siku ya saba hata uji haukupita, na Machano akaogopa sana.

Basi akachukua pishi moja ya mtama, ndiyo iliyobaki nyumbani, akampeleka mkewe. Bwana Msellem akamfumbua mgonjwa kinywa, akachungulia, akahesabu kwa kidole.

"Pishi tatu," akasema. "Na kibaba cha kutazamwa."

Machano akamkumbusha maneno ya mbiu. Msellem akamjibu kwamba jino moja ni tiba moja, kwani anunuaye nazi tatu halipi moja. Machano akasema kuwa kama ni hivyo, basi yeye ni maskini, na atibiwe bure.

"Asiye na kitu ni asiye na kitu. Wewe una pishi moja."

"Nikikupa hiyo, bwana, nitakuwa sina kitu."

"Utakuwa umelipia jino moja."

Machano akaona hapo hapana njia, akaenda barazani kwa Sultani. Msellem akaitwa, akaeleza kwamba meno matatu yana mizizi mitatu, na mizizi mitatu ina maumivu matatu. Machano naye akainama akasema, "Maulana, mimi ni hamali. Mtu akinibebesha gunia la machungwa hanilipi kwa chungwa. Mzigo ni mmoja. Na mzigo wa mke wangu ni mmoja."

Sasa Sultani Harubu alipenda majaribu kuliko hukumu. Akatabasamu, akasema, "Ewe hamali, wasema maumivu ya meno matatu ni mzigo mmoja. Kesho asubuhi niletee maumivu hayo katika kikapu kimoja, niyaone kwa macho yangu. Ukishindwa, utatoa pishi tatu na kibaba, na uwanja huu utaufagia mwaka mzima."

Asubuhi yake Machano akaazima kwa wachuuzi wa samaki kikapu kipana kama mlango, akakiweka juu ya mkokoteni, akatia mto, na juu ya mto akamkalisha Bi Mize. Akausukuma mkokoteni kupita sokoni, na soko zima likamfuata mpaka barazani.

"Nimeyaleta, maulana."

Sultani akachungulia. "Nilikuagiza maumivu, nawe umeniletea mwanamke."

"Nilijaribu kuyatoa, maulana, yakakataa kutoka bila tabibu. Lakini yamo humu yote. Sasa namwomba Bwana Msellem, ambaye ndiye ayajuaye kuyahesabu, anioneshe yale ya jino la kwanza. Hayo nitayaacha hapa pamoja na pishi yangu. Yaliyobaki nitarudi nayo kikapuni."

Sultani akaamuru iwe hivyo. Msellem akainama juu ya kikapu, akauliza jino la kwanza lauma wapi. Bi Mize akazungusha mkono kutoka tayani, akapita sikioni, jichoni, utosini, akashuka shingoni. Msellem akauliza la pili. Mkono ukazunguka palepale. Akauliza la tatu. Bi Mize akauinua mkono tena, na safari hii ukatua juu ya shavu la Bwana Msellem.

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Kichwa ni kimoja," akasema, "maumivu ni mamoja, na fungu ni moja." Akaamuru kila aliyetozwa zaidi arudishiwe, na Msellem apite mwenyewe mitaani kuitangaza amri upya, kisha arudi kwenye nazi zake, ambako hesabu yake haimdhuru mtu. Tabibu akapokea ile pishi moja, akang'oa meno yote matatu kwa kikao kimoja. Na Machano akapewa gunia zima la mtama kwa kumchekesha Sultani.

Wakashika njia ya nyumbani, gunia na Bi Mize wakiwa mkokotenini bega kwa bega. Walipofika kisimani Bi Mize akatema damu, akaupitisha ulimi palipokuwa na meno, akasema, maneno yakimtoka nusunusu:

"Machano. Vikapu vyote vya mji huu, ukaona unitie katika cha papa."

Akaendelea na habari ya mto uliochakaa, na ya watu wa sokoni waliomwona hajachana nywele, na ya huyo mwanamume aliyemgeuza mke wake mzigo. Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu, mkono wa kulia. Machano akakata kushoto, akauzungusha mkokoteni mji mzima, akisikiliza.