Picha Baada ya Jua Kuzama

Kila jioni, jua linapoanza kuinamia Ghuba ya Manila, wapigapicha wa ukuta wa bandari hufanya kazi kama siafu. Mteja hunyoosha mkono, kiganja kikikinga chini ya jua, na picha ikitoka huonekana kana kwamba amelishika kama chungwa. Jua likishatumbukia na kengele ya kanisa kulia, wote hukunja vigoda vyao wakaenda kula.

Mgeni katika chama chao hupewa pembe ya mwisho ya ukuta, ambako ghala kubwa hulifunika jua. Wengi waliopewa pembe hiyo hawakumaliza hata wiki mbili. Luzviminda, au Minda kama walivyomwita, alikuwa na mwezi mzima. Kazi hiyo aliihitaji kwa udi na uvumba, kwa kuwa ilimwacha mchana kutwa na mwanawe mchanga, na jioni bibi yake mtoto akampokea. Wenzake walipokuwa wakiondoka, yeye ndiyo kwanza alikuwa akisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu.

"Malkia wa Giza kaingia kazini," alisema Nestor, mwenye ulimi mkali kuliko wote. "Leo unapiga popo?"

"Nakusubiri wewe upite. Ila kwa sura hiyo, acha giza liingie kidogo."

Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee Teban, mkuu wa chama, hakucheka.

"Mwanangu, watu hapa wananunua jua," alisema. "Mwezi mzima hujapata hata mteja mmoja. Jumapili ukikosa, pembe hiyo nampa mwingine."

"Sawa, Mzee. Lakini mpaka Jumapili ni yangu."

Jumapili ilifika. Jua lilizama, vigoda vikakunjwa, lakini safari hii hakuna aliyeondoka. Walibaki kumtazama Minda akianguka.

Ndipo akaja mbio baharia mmoja kijana, Rodel, mtoto begani, na mkewe Charito nyuma yake akihema.

"Mmechelewa, kaka," Nestor alimwambia. "Jua limeshakwenda. Njooni kesho."

"Kesho sipo. Alfajiri naondoka na meli ile pale, miezi tisa."

"Nani kasema mmechelewa?" Minda aliuliza. "Mmewahi. Taa za meli bado hazijawaka."

"Mtaliwa na mbu hapo," mtu alidakia.

Minda alitia pamba masikioni. Aliwasimamisha watatu hao, meli ikiwa nyuma yao, akangoja. Mbingu iliwaka nyekundu kama kaa la moto, ikafifia, kisha ikawa zambarau. Taa za meli zikaanza kuwaka moja moja. Alijua muda huo ni mfupi: ukiwahi, taa hazionekani, ukichelewa, nyuso zinamezwa na kiza.

"Vuteni pumzi. Msitikisike mpaka niseme."

Mtoto akageuza kichwa. Picha ikaharibika.

"Aa, imekwisha hiyo," Nestor alisema.

Minda alimwomba Rodel amnong'oneze mtoto jambo lolote alipendalo. Rodel akanong'ona, na mtoto akatulia tuli, macho yamemtoka. Minda akabonyeza.

Charito aliitazama picha kwenye kioo cha kamera. Uso wa mumewe ulikuwa wazi, na begani pake meli iling'aa taa tangu mbele hadi nyuma. Akagusa uso ule, kisha akaigusa meli.

"Leo uko hapa," alimwambia mumewe taratibu. "Kesho uko hapa. Nitakuona pote pawili."

Rodel aliwapungia mkono mabaharia wenzake waliokuwa wakiagana na jamaa zao kando ya barabara, nao wakaja, familia tatu, wakajipanga mbele ya Minda.

Mzee Teban alikohoa. "Kesho hamia katikati, mwanangu, penye jua. Umestahili."

"Asante, Mzee. Pale meli hazionekani. Nitabaki hapa hapa, na nitakuja jua likishazama."

"Utaota ukungu kwenye kona hiyo," Nestor aling'ang'ania.

Minda alikuwa ameshawageukia wateja wake. "Vuteni pumzi," aliwaambia, na taa za bandari nzima zilikuwa zikiwaka nyuma yao. Hakika, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.