Kitambaa cha Men Rinteg

Hakuna kitu kilichomkera Rapog katika nyumba ya mama mkwe wake kama ule mwanzi wa kuchungia bata. Ulikuwa mkongwe, na kileleni umefungwa kitambaa kilichowahi kuwa cheupe. Kila asubuhi, akishaokota mayai bandani, aliubeba begani na bata arobaini nyuma yake, akauchomeka katika shamba la mpunga lililovunwa, akaenda zake. Bata walishinda wakila konokono kuuzunguka, na jioni aliwakuta wamejikusanya chini yake, hakupungua hata mmoja. Lakini vijana wa mtoni walimwita Bwana Tambara. Jina hilo lilimchoma kwelikweli, maana mwanamume aliyehamia kwa mkewe ana mengi ya kumezea.

Basi siku moja mama mkwe, Men Rinteg, alifunga safari kwenda kwa dada yake. Aliahidi kwamba akirudi akakuta bata wote wapo na wanataga, kundi litakuwa la Rapog na mkewe, Luh Murni. Rapog alifurahi hata akasahau kula.

Mchana huo akapita mchuuzi wa bendera nyekundu zinazometameta. Rapog akatoa mayai kumi, akachukua bendera moja na mti wake. Murni alimwonya kuwa bata hawajui urembo, wanajua walichozoea tangu wakiwa vifaranga. Rapog akamjibu kuwa akili ya bata ni fupi kama mkia wake. Mwanzi mkuukuu akaupasua kuni, na kitambaa akafutia mnyororo wa pikipiki.

Kesho yake aliwaswaga bata hadi shambani, akaichomeka bendera yake na kuondoka kifua mbele. Bata waliitazama, wakatawanyika. Alasiri ukapita msafara wa sikukuu ya hekalu, ngoma zikirindima, na mbele yake mwanzi mrefu wenye kitambaa cheupe. Shingo arobaini zikainuka kwa pamoja. Bata wakapanda tuta, wakajipanga nyuma ya wazee, wakaenda kwa adabu kuliko waumini wengine.

Rapog aliporudi alikuta bendera peke yake. Alifuata vicheko vya watu mpaka uani mwa hekalu. Bata walikuwa wameketi kuuzunguka mwanzi mweupe, wengine wakidonoa wali wa sadaka, na kuhani hajui awafukuze au awabariki. Rapog aliwaita, akawabembeleza, akawapigia magoti. Wapi! Alipoinua macho, mbele yake alisimama Men Rinteg, aliyerudi mapema kwa ajili ya sikukuu, kapu la sadaka kichwani.

"Mwanzi wangu uko wapi, mwanangu?" aliuliza kwa upole uliotisha kuliko tusi.

"Tumeupikia wali, mama."

"Na kitambaa?"

Rapog akatazama chini. "Kimefuta pikipiki."

Bata walirudishwa nyumbani ndani ya matenga, wakilalamika njia nzima. Asubuhi bandani yakaokotwa mayai matatu. Siku iliyofuata, halikuwepo hata moja. Men Rinteg hakugomba. Alilichukua kundi lake, akampa mkwewe vifaranga sita na kipande cha shuka yake kuukuu, akamwambia aanze mwanzo.

Rapog alikifunga kwenye mwanzi, akapita mtoni vifaranga wakimfuata na vijana wakimpigia miluzi. Aibu ilimla, lakini hakukikunja. Alikuwa amejifunza kwa hasara ya bata arobaini: usiache mbachao kwa msala upitao.