Mwatime na Dadu ya Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Na nyie mliosoma mpaka mkavaa miwani, sogeeni pia, maana hii hamkufundishwa.

Hapo kale palikuwa na Pandu, bingwa wa sataranji wa mji mzima, na mkewe Mwatime, mkulima wa kunde. Pandu akishinda, alisema ni akili. Akishindwa sijui angesemaje, maana hakuwahi kushindwa. Bahati, kwake, ilikuwa chakula cha wajinga.

Siku moja zimwi likamsikia. Likaja na ubao na dadu, likamwalika mchezo. Moja, huenda askari. Mbili, farasi. Tatu, tembo. Nne, ngome. Tano, waziri. Sita, mfalme. Namba ikikosa njia, zamu imepita. Anayemla mfalme wa mwenzake kashinda.

Dadu ile ilikuwa na uchawi. Zimwi likiinong'oneza namba, huangukia hiyo hiyo. Basi kabla uji haujapoa, Pandu kashindwa, kamezwa mzima mzima, na kofia yake.

Mwatime akalifuata zimwi pangoni. Akalikuta limejinyoosha, tumbo linasema. Ni Pandu, anaeleza humo ndani jinsi alivyoonewa.

"Shikamoo, babu," akasema Mwatime. "Tucheze. Nikishinda, umtapike. Nikishindwa, unimeze na mimi."

"Wewe unajua sataranji?"

"Miaka kumi na miwili nampelekea chakula ubaoni. Macho nilikuwa nayo."

Zimwi likakubali, ila likamwonya afanye haraka. Jua likifika utosini, mtu wa tumboni huwa ameshalainika.

Basi wakaanza. Zimwi likanong'ona tano, waziri akala askari. Likanong'ona tano, waziri akala farasi. Likanong'ona tano, waziri akala tembo. Na kila kete iliyoliwa, zimwi liliitafuna kwelikweli. Tumbo likalalamika kwamba vijiti vinamwangukia mtu kichwani.

Pandu hakunyamaza. Alitaka mkewe amtegemee waziri, amwinde mfalme kwa pigo moja zuri, kama afanyavyo yeye. Mwatime hakumfuata. Shambani kwake kila shimo hutiwa kunde tatu: moja ya panya, moja ya ndege, moja ya chungu cha jikoni. Basi dadu ikimpa namba yoyote, kete hiyo hiyo aliisogeza imwelekee mfalme wa zimwi. Na mfalme huyo hakuwa amenyanyuka tangu asubuhi. Alibanwa kila upande na askari wake mwenyewe.

"Mke wangu, hapa si shambani," tumbo likasema.

"Kunja miguu, mume wangu, usiyeyuke."

Ikafika zamu kete tano za Mwatime zikawa zinamtazama mfalme: askari, farasi, tembo, ngome na waziri. Zimwi likashtuka, likatafuta pa kumpeleka mfalme wake. Hapakuwa na nafasi. Likaona basi, liwale wote mmoja mmoja.

Likanong'ona tano, likamla waziri wa Mwatime. Mwatime akatupa dadu. Sita. Mfalme wake yuko mbali, akapiga hatua moja ya bure. Zimwi likacheka.

Likanong'ona tano, likala ngome. Mwatime akatupa. Tano. Waziri keshatafunwa, zamu ikapita. Zimwi likacheka.

Likanong'ona tano, likala tembo. Tumboni Pandu akaanza kusoma dua.

"Bahati haikupendi, bibi," zimwi likasema.

"Sikuiomba inipende. Nangoja ipite tu."

Akatupa. Mbili.

Farasi akaruka, akamla mfalme.

Zimwi likaitazama dadu yake. Haikuwa imeliasi hata mara moja. Kila lilichoomba, lilipewa. Likatapika.

Pandu akatoka na kofia yake na vipande vya mti masikioni. Njia nzima alieleza kwamba ushauri wake ndio ulioshinda, ila tembo alichelewa kuanza. Mwatime akamwambia atembee upande ule ambao upepo unaelekea, maana ananuka.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye mabega na aibebe. Bahati hupita mlango iutakao yenyewe. Basi wewe usiiwekee mlango mmoja.