Hodi Tatu za Mvua

Kulikuwa na zama, kabla ya babu wa babu zetu, ambapo Mvua alikuwa akiingia kwa watu bila kupiga hodi. Majira hayakuwa bado na majina. Hapakuwa na kaskazi wala kipupwe, masika wala vuli. Jua liliwaka, na katikati ya kuwaka kwake, mbingu ikiwa safi kama kibuyu kilichosuguliwa, Mvua alimwagika wote kwa mara moja, kama mtungi ulioinamishwa. Hakutanguliwa na wingu wala upepo. Aliyeanika maharage aliyakuta yanaelea. Aliyekuwa akioga mtoni hakujua maji yapi ni ya mto na yapi yametoka juu.

Mahali milima ya Upare inapoinamia tambarare palikuwa na kijiji kilichoitwa Kirongwe, na humo aliishi mfinyanzi mjane, jina lake Nakiete. Mwaka huo binti yake wa pekee, Mboni, alikuwa amechumbiwa. Desturi ya Kirongwe ilikuwa kwamba binti haondoki kwa mama yake mpaka atanguliwe njiani na chungu kikubwa cha pombe ya miwa, nacho kiwe kimefinyangwa kwa mikono ya mama mwenyewe. Chungu cha kuazima hakikukubaliwa. Kisipoonekana chungu, wakwe walielewa kuwa mama hajaridhia, wakarudi kwao bila neno. Nakiete alikuwa ameridhia kabisa. Kijana alikuwa mtu wa kazi na wa maneno machache, na Mboni alimpenda. Lakini kuridhia kwa moyoni hakubebi pombe.

Chungu cha kwanza alikikausha kivulini, kisha akakitoa uani kipate jua la mwisho. Aliingia ndani kusaga. Alipotoka alikuta rundo la tope, na juu yake mdomo wa chungu umebaki kama pete iliyoangushwa. Cha pili kilifika kwenye moto. Alikifunika kwa magome, nyasi na samadi kavu, akawasha, na moto ulipokwisha kushika sawasawa, Mvua akaja. Chungu kilipasuka kwa kishindo kilichowatoa majirani majumbani.

Wa kwanza kufika alikuwa Namkunda, dada wa marehemu mumewe. Alitazama moshi, akatazama vigae, akashika kiuno.

"Wifi, wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Wewe hata gae zima la kulia huna."

"Cheka tu, wifi yangu," Nakiete akajibu. "Siku ya harusi utabeba pombe kiganjani."

Walicheka wote wawili, kwa kuwa wifi ana haki ya utani. Lakini Namkunda alipokwenda zake, Nakiete alibaki amesimama kwenye mvua, gae mkononi, akifikiri juu ya mwezi mpya. Mwezi ukiandama tu, wakwe watakuja. Ndipo alipoinua uso akasema kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Kirongwe aliyewahi kuitumia kwa Mvua.

"Wewe! Kwenu hawapigi hodi?"

Matone yakasimama hewani kama ushanga uzini.

"Mama," Mvua akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko Nakiete alivyotarajia, "nyinyi wenyewe huniita. Mahindi yakinyauka mnaniita, nami naja mbio. Kosa langu ni lipi?"

"Hata aliyeitwa hupiga hodi. Hupiga mara tatu, tena kwa nafasi, ili mwenye nyumba aanue vyake, ajifunge nguo vizuri, afagie uwanja. Akiitikiwa karibu, ndipo huingia."

"Sina mkono wa kugonga mlango. Na nikifumbua kinywa nimekwisha kumwagika."

"Huna watoto?"

"Ninao watatu. Kazi yao kula na kulala."

"Watume."

"Na watu wasiponiitikia?"

"Mgeni mwenye adabu asipoitikiwa hupita," Nakiete akasema. "Lakini sisi tutakuitikia."

Basi wakaagana hivyo. Nakiete akarudi kwenye udongo wake, akaanza chungu cha tatu, akakizungusha kwa mikono na kukilainisha kwa kokwa ya embe mpaka kikawa hakina kovu.

Siku aliyoiweka ya kukichoma, Kirongwe iliamka na mgeni isiyemjua. Huyo ndiye Fukuto, mtoto mkubwa wa Mvua, mnene na mzito. Watu wengine humchanganya na jua, lakini hao wawili si wamoja. Jua huchoma mgongo likapita. Fukuto huja akakaa. Alikaa barazani, akakaa jikoni, akaketi vifuani mwa watu. Majani hayakutikisika. Kuku walitembea midomo wazi. Wazee walijipepea kwa vipepeo vya ukindu, wakajiongezea jasho kwa kujipepea, na maziwa ya asubuhi yakachacha kabla ya adhuhuri.

Hata hivyo wanawake wa Kirongwe walifurahi, wakasema hiyo ndiyo siku ya kuanika. Nyua zikajaa maharage na mtama. Namkunda alitandaza mikeka yake yote, kisha akaja kwa wifi yake akijifuta shingo.

"Choma, wifi! Siku kavu kama hii haiji tena. Wakwe wako kesho kutwa."

Nakiete alikuwa ameshika kijinga cha moto tayari. Magome yalikwisha kupangwa. Kama asingechoma leo, huenda asipate siku nyingine. Na kama angechoma leo, huenda asipate chungu. Alisimama mpaka kijinga kikamchoma vidole. Kisha akakizima mchangani, akakumbatia chungu kama mtoto mgonjwa, akakiingiza ndani.

"Jua lote hili unaficha chungu?" Namkunda akashangaa. "Unamficha nani?"

"Kuna mgeni barazani."

Namkunda aligeuka kutazama. Hakuona mtu. Akaondoka akitikisa kichwa, na si muda kijiji kizima kilijua kwamba Nakiete amechanganyikiwa kwa ajili ya harusi.

Alasiri akaja mtoto wa pili, Upepo, naye hakuwa na utulivu wa kaka yake. Alipita uani akifagia asivyoombwa. Aligeuza majani tumbo juu, akafunua mapaa, akapiga milango, akawanusisha watu harufu ya vumbi linalongoja kulowa. Nakiete alianua magome na samadi yake. Halafu, bila kuitwa, alikwenda kwa wifi yake akaanza kukunja mikeka.

"Hii ni hodi ya pili," alisema. "Shika upande ule."

Namkunda alifungua kinywa atanie, kikajaa vumbi, akashika upande ule. Majirani waliowaona wakaanza nao kuanua, wengine kwa kuamini, wengine kwa kuogopa kubaki peke yao.

Kisha nyuma ya mlima akakohoa Ngurumo, mtoto wa tatu, kikohozi kirefu na kizito, kama cha baba mkwe anayekaribia mlango. Umeme mnaouona si mtoto wa nne. Ni mwenge wa Ngurumo, anaoubeba ili auone mlango. Nakiete akajifunga nguo vizuri, akasimama kizingitini, akasema, "Karibu."

Mvua akaingia. Alianza kwa matone machache makubwa, kama mtu anayevua viatu, ndipo akanyesha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa Kirongwe kuisikiliza mvua wakiwa wakavu. Walikaa milangoni, maharage yao yakiwa salama nyuma yao, wakagundua kwamba sauti ile ni nzuri.

Kesho yake asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa na mbingu imetulia. Nakiete alipanga upya magome yake makavu, akachoma chungu, wala hapakuwa na hodi yoyote. Kilipopoa alikigonga kwa kidole, kikalia kama kengele. Namkunda ndiye aliyekibeba kichwani siku ya harusi, kimejaa mpaka mdomoni, na Mboni akimfuata.

"Mbona hukubeba kiganjani, wifi?" Nakiete akamwuliza njiani.

"Nyamaza, mama wee, nisije nikacheka kikaanguka!"

Na tangu siku hiyo Mvua haji bila kuwatuma watoto wake. Fukuto hutangulia, Upepo humfuata, Ngurumo hukohoa, na mtu aliyelelewa vizuri huanua vyake akasema karibu. Lakini ziko siku Fukuto hukaa tangu asubuhi, watu wakamlaani na kumpepea kama nzi, Ngurumo akakohoa mlangoni, halafu mvua ikaenda kunyesha kijiji cha pili. Siku hizo wazee wa Kirongwe hawaulizi mawingu yamekwenda wapi. Hutazamana, wakaulizana ni nani leo hakuitikia.