Mashahidi wa Pimbi Mbele ya Tume

Nisogee?
Sogea, nafasi ipo.
Niseme?
Sema, tunasikia.
Na nikiwagusa wakubwa?
Waguse, nao wana ngozi.

Basi nawagusa.

Kulikuwa na nchi ya wanyama chini ya mlima wa mawe, na mfalme wake alikuwa Tembo. Nchi hiyo mvua zake zilikuwa za kubahatisha. Mwaka huu zinanyesha, mwaka ujao hazionekani. Wanyama wakakubaliana walime shamba moja la pamoja. Korongo, ndege wa safari, akawaletea mbegu za tikiti kutoka mbali, tikiti la maji mengi lenye majani ya madoadoa meupe. Huku kwetu halikuwepo jingine la namna hiyo. Wakapanda, wakapalilia, wakavuna. Matikiti yote wakayaweka katika pango lenye ubaridi chini ya mlima, likawa ndilo ghala. Wakaapa kwamba hakuna atakayeonja hata kipande mpaka kiangazi kikaze.

Mlango wa ghala ulikuwa jiwe. Digidigi akalisukuma, halikutikisika. Pundamilia akalisukuma, halikutikisika. Nyani akaja na ukoo wake mzima wakalisukuma, halikutikisika. Kiboko akaliegemea kwa bega moja, likasogea, gurrr. Basi Kiboko akapewa cheo. Akaitwa Mlinzi Mkuu wa Ghala.

Juu ya mawe ya mlima huo aliishi Pimbi, jina lake Sikudhani. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo wa mawe, mnene kidogo, mkia hana, masikio kama kaazima. Pimbi hupenda jua. Saa sita mchana, wengine wote wakiwa wamelala vivulini, Sikudhani alikuwa juu ya jiwe lake anaota jua. Hapo ndipo alipoanza kumwona Kiboko.

Kiboko alikuja, tindi, tindi, tindi. Akasukuma jiwe, gurrr. Akaingia. Sikudhani akasikia humo ndani: gubu. Kimya. Gubu. Kimya. Gubu. Kiboko hakuwa anatafuna matikiti, alikuwa anayameza. Kisha akatoka, akarudisha jiwe, akashika njia ya bwawani kwake, mkia unapiga nyuma, pwata, pwata, pwata. Maana kiboko akienda haja haachi rundo. Huitawanya kwa mkia, kushoto na kulia, mpaka anafika kwake.

Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu akaja na Fisi.

Sikudhani aliwaambia majirani. Wakamjibu kwamba mlinzi lazima aingie ghalani, la sivyo atalindaje? Akanyamaza, lakini kila mchana alihesabu.

Kiangazi kikaja. Visima vikakauka, majani yakawa makapi. Wanyama wakakusanyika ghalani, Kiboko akasukuma jiwe, gurrr, wote wakachungulia. Pango tupu. Hakuna tikiti, hakuna ganda. Kiboko alikuwa wa kwanza kushika kichwa na kusema amevunjwa moyo.

Aliyeumia zaidi ni Digidigi, jirani yake Sikudhani, aliyeitwa Mashavu. Alikuwa amejifungua juzi tu, na tegemeo lake lilikuwa yale matikiti. Maziwa yakamkauka. Siku ya nne mtoto akafa. Mashavu akamfunika kwa majani makavu, akarudi mlangoni mwa ghala, akasimama pale kutwa nzima bila kusema na mtu.

Sikudhani alikaa naye. Jua lilipoanza kushuka, Mashavu akamwuliza jambo moja.

"Shoga, ulimwona kweli?"

"Nilimwona. Nilimsikia akimeza."

"Basi usinyamaze tena."

Kesho yake wanyama wakaenda kwa Tembo kwa makelele. Tembo hakuwa mfalme mbaya. Alikuwa mfalme anayependa utulivu. Aliwasikiliza, akasema naye amesikitika sana, na kwamba jambo zito kama hili haliendi kwa fujo. Palepale akaunda Tume Huru ya Kuchunguza Upotevu wa Matikiti. Mwenyekiti akawa Fisi, kwa sababu ana pua kali. Mjumbe akawa Mamba, kwa sababu hana maneno mengi. Na kwa kuwa Kiboko ndiye mwenye bwawa la mwisho lililobaki na maji, tume ingekaa kivulini pake. Kila nyumba ilitakiwa kupeleka chakula, maana tume yenye njaa haiwezi kufikiri.

Siku ya kwanza, tume ikakaa. Tume ikala. Tume ikaahirisha.

Siku ya pili Sikudhani akaitwa kutoa ushahidi. Akaeleza yote aliyoyaona na aliyoyasikia, tindi, gurrr, gubu. Fisi akamwuliza kama ana barua. Hana. Kama ana ganda la tikiti. Hana. Kama kuna mwingine aliyeona. Wengine walikuwa wamelala. Fisi akasema kwa upole kwamba jicho la mtu mmoja, tena mdogo, si ushahidi bali ni maoni. Tume ikala. Tume ikaahirisha.

Sikudhani akarudi kwa miguu, na kwa hasira alizokuwa nazo akafuata njia ileile ya Kiboko, kutoka bwawani mpaka ghalani. Njia nzima ilikuwa na mavi makavu. Akasimama. Akainama. Akalichokonoa pande moja kwa ukucha. Ndani yake kulikuwa na mbegu za tikiti, nyeusi, zinang'aa, nzima kama zilivyomezwa. Akachokonoa pande la pili, zimo. La tatu, zimo. Akataka kukimbia kuwaita watu. Kisha akawaza kwamba mbegu kavu zinazoletwa na mkono mmoja zitapotezwa kabla hajafika. Fisi atasema zimewekwa na Pimbi mwenyewe. Mbegu zilizoota mahali pake, zenye mizizi, zenye majani ya madoadoa, nani atasema ziliwekwa? Akazifukia kwa mguu, akaenda zake. Kilichokosekana ni mvua tu.

Siku ya tatu tume haikuwa na mvua akilini. Ilikuwa na taarifa tayari. Fisi akasimama mbele ya wanyama wote na Tembo, akasoma kwamba mwizi amepatikana. Nyuma ya pango pana ufa. Jirani wa ufa huo ni Pimbi. Pimbi aliingia kwa ufa, akayatoa matikiti. Adhabu yake ni kuhamishwa kutoka kwenye mawe, apelekwe mbugani kweupe.

Kweupe hakuna pa kujificha, na juu kuna tai. Kila mmoja alielewa maana ya adhabu hiyo. Sikudhani akatazama huku na huku. Akamwona Mashavu kule nyuma, akasimama wima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ufa ule ni kama ngumi. Tikiti lilipitaje?"

Fisi akajibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu.

Sikudhani angeweza kubishana, na angeshindwa. Hakubishana. Akasema anaipokea taarifa, ila ana wasiwasi juu ya heshima ya tume. Tume kubwa namna hii imalize kazi kwa siku tatu? Watu watasema ilijua jibu kabla ya swali. Tena yeye anao mashahidi, wengi kuliko anavyoweza kuwataja, ila wako njiani. Hawana miguu ya haraka. Watafika na mvua. Anaomba tume isubiri, iendelee kukaa kila siku, na kila siku iletewe chakula chake kama ilivyoamriwa.

Fisi akafungua kinywa kukataa. Kisha akasikia lile neno, chakula, akafunga kinywa. Akamtazama Kiboko. Kiboko naye alikuwa amebakiza matikiti aliyoyaficha kwenye matope ya bwawa, na hakuona ubaya wa kuyamaliza taratibu. Fisi akatangaza kwamba haki haina haraka. Muda ukaongezwa.

Tume ikakaa. Tume ikala. Tume ikaahirisha. Tume ikakaa. Tume ikala. Tume ikaahirisha. Mamba hakuamka hata mara moja.

Hizo zilikuwa siku ngumu kwa Sikudhani kuliko zote. Wanyama walikuwa wanakosa mizizi ya kula, na mizizi hiyohiyo wanaipeleka kwa Fisi. Wakaanza kumnung'unikia. Nyani akamwambia usoni kwamba anajiokoa mwenyewe kwa njaa ya wenzake. Sikudhani hakuweza kumweleza, maana neno likimfikia Nyani linafika bwawani kabla ya jioni. Akawa anapeleka fungu lake la tume, na kumlipia Mashavu nusu ya lake, akakonda, mbavu zikahesabika. Hata Mashavu akaja kumwuliza kama mashahidi wapo kweli. Akamwambia wapo, chini ya miguu yetu. Mashavu hakuelewa, lakini hakumwacha.

Na kila mchana Kiboko na Fisi walikula matikiti ya matopeni, wakatoka kwenda kupunga upepo, kutoka bwawani mpaka pangoni kwa Fisi. Pwata, pwata, pwata. Walikuwa wanalima bila kujua.

Siku ya ishirini na moja wingu likafunga. Ndo. Ndo, ndo. Ndo, ndo, ndo, kisha ikamwagika. Wanyama walicheza matopeni, wazee kwa watoto. Fisi akasema mvua imekuja na mashahidi hawajaja, basi adhabu itekelezwe. Sikudhani akaomba siku saba za mwisho, njia zikauke mashahidi wapite. Fisi akahesabu: siku saba ni milo saba. Akakubali.

Siku ya nane, asubuhi, watu wote wakafika bwawani, na Tembo akiwapo. Fisi akauliza mashahidi wako wapi. Sikudhani akasema wamefika tangu juzi, ila hawawezi kuja mbele ya tume. Anaiomba tume iwaendee.

Akatangulia, wote wakamfuata. Hatua kumi kutoka bwawani wakakuta mche wa tikiti, majani yake yana madoadoa meupe. Hatua nyingine, mche. Hatua nyingine, miche mitatu. Kushoto na kulia, njia nzima, kama imepandwa na mkulima mlevi. Mstari ukawapeleka mpaka mlangoni mwa ghala, ukaishia kwenye jiwe. Wakarudi, wakaona mstari wa pili unatoka bwawani. Wakaufuata. Ukawafikisha pangoni kwa Mwenyekiti, na hapo nyuma ya pango, pale Fisi anapokwenda haja, miche ilikuwa imesongamana kama nywele.

Korongo akainama, akakagua jani, akasema ni mbegu yake.

Kiboko akasema huenda ni upepo uliozileta.

"Upepo gani huo, Bwana Kiboko," akauliza Sikudhani, "wenye mavi?"

Watu wakacheka, na walipocheka woga ukawatoka. Fisi akatangaza haraka kwamba kikao kimeahirishwa. Hakuna aliyeondoka. Akatangaza tena. Wakamsogelea. Kiboko, kwa hofu, mkia ukaanza kupiga wenyewe, pwata, pwata, na humo zikaruka mbegu nyingine mbele ya mfalme.

Kiboko akakimbia, chubwi, akazama bwawani. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na pua tu, anaangalia kama watu wametawanyika. Fisi alikimbilia porini huku anacheka, maana wengine wakiaibika hucheka. Mamba, wanyama waliamua kumwacha hapohapo. Hakuiba, alilala, na bado amelala, kinywa wazi.

Tembo akakohoa. Akasema amesikitika sana, kwa hiyo ataunda tume ya kuchunguza mwenendo wa tume.

Hapo ndipo Mashavu, ambaye hakuwa amesema mbele ya watu tangu amzike mtoto, alipotoka katikati ya kundi. Alikuwa na kimo cha goti la Tembo, si zaidi.

"Hapana, Mzee," akasema. "Tume imekwisha kukaa. Sasa tunasimama sisi."

Tembo akamtazama, akawatazama waliokuwa nyuma yake, wengi, hawasogei. Akageuka, akaondoka polepole.

Siku hiyohiyo wanyama waliliviringisha lile jiwe la zamani bondeni. Wakatafuta jingine mlimani, kubwa kuliko la kwanza, kubwa hata Kiboko hawezi, hata Tembo mwenyewe hawezi. Linasogea tu wote wakisukuma kwa pamoja, na Pimbi akiwemo. Kila anayetaka kuingia ghalani sharti awaite wenzake wote. Na ile miche ya njiani hawakuing'oa. Waliipalilia, ikazaa, na tikiti la kwanza alikabidhiwa Mashavu.

Fundisho la ngano hii ni kwamba mdogo akae kimya, awaachie wakubwa kazi yao. Sikudhani hakukaa kimya, na mwone mpaka leo yuko juu ya mawe yake, hana kazi serikalini, hana hata cheo kimoja, anaota jua tu, ameshiba. Msije mkawa kama yeye.

Hapa nimeitua. Aliyeisikia aichukue, aliyesinzia amwulize jirani, na anayekwenda kunishtaki aanze kwa kutaja jina lake.